Nafasi Iliyobaki Ndani ya Behewa

Bel-Air, Lubumbashi
Tarehe 9 Machi 2024

Dada yangu mkubwa, Yaya Hortense mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Jumanne asubuhi mjukuu wako Syntiche alitupigia simu kutoka huko Mwene-Ditu, akasema bandeji ya jicho la pili imeondolewa, na kwamba jambo la kwanza ulilomwambia yeye ni kuwa nywele zake zimesukwa vibaya. Tulicheka hapa nyumbani mpaka bukari, ule ugali wa mchana, ikaungua chunguni. Mimi nilitoka nje kidogo, nikasimama karibu na pipa la maji, kwa sababu nilitaka kupumua peke yangu. Je, jicho linawasha bado? Matone unayaweka kwa saa zake? Nakufahamu, ukijisikia vizuri kidogo tu, dawa unaifungia kabatini.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linabashiri mvua vizuri kuliko redio, na mvua mwaka huu imekuwa nyingi, hata ukuta wa jirani upande wa choo umelala chini. Mwanangu Ruben anakusalimu sana. Anasema atakuja Pasaka kama gari litakuwa limepona. Wajukuu wote wazima.

Yaya, kwa miaka minane barua zangu umekuwa ukisomewa na watu. Ni kazi njema waliyokufanyia, lakini walizisoma kwa sauti, barazani, mbele ya kila aliyepita kuomba maji. Niliandika nikijua hilo, ndiyo maana zikawa barua za magoti na mvua. Hii ni ya kwanza ninayokuandikia wewe peke yako. Tafadhali isome mwenyewe, polepole, hata kwa siku tatu ukitaka, ukipumzisha jicho. Katika kifurushi alichokuletea Mama Elisée, pamoja na kitenge na sabuni, kuna simu. Usiiwashe kabla ya kumaliza barua hii.

Simu hiyo ilikuwa ya Chancelvie, binti wa pili wa Ruben. Kioo kina ufa kwenye kona, lakini betri ni mpya. Ndani ameacha kitu kimoja tu, nacho ni mchezo. Umesoma sawasawa. Mimi Edouard, niliyewafukuza wanao barazani pamoja na karata zao, nakutumia mchezo.

Unajua maoni yangu yalivyokuwa. Nilikuwa nikisema kwamba simu ndicho kitu pekee kinachouzwa kabla ya kumalizika kutengenezwa, maana kila wiki inaomba kurekebishwa na waliokiuza kitu hicho hawaoni haya. Koti halifanyi hivyo, wala baiskeli. Michezo ndiyo niliyoichukia zaidi. Ile niliyoiona mikononi mwa wajukuu ilikuwa ya aina mbili: ya kupiga risasi na ya kupanga peremende za rangi. Ya kwanza ilinichosha kwa sababu mtu anauawa, baada ya sekunde tano anafufuka, na hakuna aliyemlilia. Ya pili ilinichosha kwa sababu haina mwisho. Kitabu kina adabu, kinakuonyesha tangu mwanzo kurasa ngapi zimebaki, ukiwa na bukari jikoni unajua la kufanya. Mchezo wa peremende unakusimamisha kila baada ya dakika tatu ili utazame tangazo la sabuni, kisha unakupigia makofi kama mtoto aliyekwenda chooni mwenyewe.

Palikuwa na jambo jingine lililonikera, la kazi yangu ya zamani. Miaka kumi na tisa pale Likasi nilichora ramani za njia za chini ya ardhi, zile ambazo shaba na kobalti hupitia kutoka gizani. Vitu hivyo vinaondoka kwetu vikiwa mawe na kurudi vikiwa simu, mara nyingi simu iliyokwisha kutumiwa na watu wawili. Siku moja nilimweleza Chancelvie kwa uchungu kwamba huenda nimechora kwa mkono wangu njia ambayo betri yake ilipitia. Nilitegemea anihurumie. Akanijibu kama mjukuu anavyomwita babu yake, “Kambo, donc na weye uko mu équipe yetu.” Yaani mimi pia ni mmoja wa timu yao.

Nikwambie ukweli, sikujua kwamba michezo inatengenezwa na watu. Nilidhani inatoka kiwandani kama viberiti. Kumbe ni watu, na wawili kati yao walikuwa wakikaa katika gereji ya mwanangu. Mchana Chancelvie huchora mabango ya maduka ya dawa na saluni. Saa zinazobaki hutengeneza mchezo pamoja na Hénoc, kijana aliyesoma naye chuo kikuu hapa. Yeye anachora, na Hénoc anaandika maagizo ambayo kompyuta inayatii. Ruben hakuipenda kazi hiyo. Alitaka binti aingie ofisi ya kampuni fulani ya migodi, na kila Jumapili mezani aliuliza mchezo utaisha lini ili watu waanze kazi. Hénoc, ambaye hula kwetu bila kungoja kuitwa mara mbili, alimwambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, “Papa, kazi njo hii.” Ruben akasema kwamba kazi ya kweli haina muziki ndani yake. Hénoc akamuuliza mbona yeye anaimba akiwa chini ya gari. Hapo Ruben mwenyewe alicheka, ila hakubadili mawazo.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Chancelvie alinijia na daftari. Aliniambia wanataka kutengeneza mchezo juu ya treni, ile ya mwaka ule tulipofukuzwa Likasi kwa sababu ya kabila letu. Niliudhika. Nilimwambia mambo yale si ya kuchezea, na kwamba kuna watu walizikwa kando ya reli. Hakubishana. Alisema kwamba walipokuwa darasani hakuna aliyewafundisha jambo hilo, na nyumbani sisi wazee tunasimulia habari hiyo kwa sentensi mbili kisha tunaulizia chai. Katika mchezo wao, alisema, hakuna adui wa kupiga. Kuna jukwaa la stesheni, kuna mvua, kuna familia yenye vitu vyake vyote mbele yake, na kuna behewa la mizigo lenye mistari ya chaki sakafuni. Mchezaji ana kazi moja, kuamua kipi kinapanda na kipi kinabaki.

Aliposema chaki nikajua kwamba alikuwa ananisikiliza kwa miaka mingi kuliko nilivyodhani. Maana unakumbuka, Yaya. Tulipopewa behewa lile baada ya majuma matano ya kulala stesheni, Katekista Mardochée alisema watu watakanyagana tusipogawana sakafu. Akaomba kipande cha chaki kwa mwalimu, akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa mtu wa kupima. Nilipima behewa zima kwa futi yangu ya kukunja na kumchorea kila mtu mstatili wake. Nyumba kumi na saba. Yangu na yako zikihesabiwa nyumba moja, watu tisa, tulipata mita mbili kwa mita moja na sentimita arobaini. Hakuna aliyegombana. Hadi leo nikikutana na watu wa behewa lile hapa mjini wananiita Baba Chaki.

Basi nikamchorea Chancelvie ramani. Nilitoa rula zangu, nikanoa penseli, nikachora behewa kwa kipimo cha moja kwa ishirini, na mistatili yote kumi na saba. Kisha nikamwandikia orodha ya vitu vyetu na vipimo vyake: magodoro mawili yaliyoviringishwa, sufuria tatu zilizoingiliana, gunia la unga, mtungi, sanamu ya Bikira ndani ya shuka, kapu la nguo za watoto. Nikaandika pia kilichobaki jukwaani, kwamba ni kichwa cha mashine yako ya kushona, ndani ya kifuniko chake cha mbao, sentimita hamsini na mbili kwa ishirini na nne. Chini kwenye kona niliandika, kama nilivyozoea ofisini, “Imechorwa na Edouard,” na tarehe. Sijafurahia kazi hivyo tangu nilipostaafu. Hénoc aliitazama karatasi ile, akaivua kofia yake, akasema hajawahi kupewa vipimo safi namna hiyo hata na maprofesa.

Nikawa naenda gerejini kila siku baada ya chai. Niliwasahihisha paa la stesheni, kwa sababu Chancelvie alilichora kama la kanisa. Tulibishana juu ya pointi. Mimi nilisema mchezo lazima uhesabu, la sivyo mtu atajuaje kama amefanya vizuri. Yeye akasema, “Kambo, paka siku ile nani alibahesabia?” Nikakubali kwamba siku ile kweli hakuna aliyetuhesabia pointi. Nilijifunza pia jambo ambalo nakuambia kwa sababu lilinishangaza: mtengeneza mchezo mzuri hufurahi akiambiwa amekosea. Hénoc alikuwa akiwaita wanafunzi, anawapa simu, anawaomba wauharibu mchezo. Mtu akifanikiwa kupitisha godoro ukutani, Hénoc anamshukuru na kuandika. Katika ofisi zetu hatukuwa hivyo. Kosa lilitafutiwa mtu wa kulibeba.

Mwezi wa Januari mchezo ulikuwa tayari, na walikuwa na majuma matatu tu ya kuupeleka kwa watu wa maonyesho fulani huko Kinshasa, ambao wangechagua michezo kumi tu. Hapo ndipo shida ilipoanza. Wanafunzi arobaini waliujaribu, na arobaini wote walileta lalamiko lilelile. Walipanga vitu vyote vya orodha yangu ndani ya mstatili, na kila mara pakabaki nafasi ya sentimita hamsini na sita kwa ishirini na saba. Waliichukua mashine ya kushona jukwaani, wakaiweka pale, ikaingia. Lakini mwishoni maandishi yalisema kwamba mashine ilibaki Likasi kwa sababu nafasi haikutosha. Wakauliza, haikutosha vipi? Mmoja aliandika kwamba mchezo ni mzuri ila unadanganya. Mwingine aliandika kwamba Hénoc arudi darasa la nne akajifunze kutoa.

Hénoc alikonda. Alipitia maagizo yake yote mstari kwa mstari, majuma mawili, akitafuta kosa. Rafiki zake walimwita Bwana Sentimita. Alipima upya kila kitu, akanijia mara tatu na karatasi yangu, akiniuliza kwa heshima kama huenda magodoro yalikuwa manene zaidi, kama huenda gunia lilikuwa kubwa. Alikuwa na haya kuniuliza. Kijana yule aliamini kwamba kosa ni lake, kwa sababu hakufikiria kabisa kwamba linaweza kuwa langu. Na mimi nilimwacha atafute.

Halafu Chancelvie alikuja na suluhisho. Alisema, “Kambo, tupunguze tu behewa. Sentimita kumi na tano. Hakuna muntu atajua.” Alitaka ruhusa yangu kwa sababu ramani ni yangu. Yaya, ulikuwa mlango ulioachwa wazi mbele yangu. Nikasema ndiyo, punguzeni. Akanishukuru, akanibusu paji la uso.

Kesho yake asubuhi aliniletea ramani mpya niione, iliyochapishwa vizuri kwenye karatasi nyeupe. Behewa lilikuwa fupi. Mistatili ya watu wote ilikuwa imefinywa ili uongo uenee sawasawa. Na chini kwenye kona palikuwa bado pameandikwa “Imechorwa na Edouard.” Niliishika karatasi ile kwa muda. Katika maisha yangu nimefanya mabaya, lakini sikuwahi kutia jina langu kwenye kipimo cha uongo, kwa sababu chini ya ardhi kipimo kibaya huua watu. Nilimwomba akae. Nilimweleza yeye kwanza, na sasa nakueleza wewe, ambaye ungepaswa kuwa wa kwanza.

Yaya, mashine yako ilikuwa na nafasi.

Sitaki uipite sentensi hiyo haraka, kwa hiyo naiandika kwa namna nyingine. Siku ile ulipokuja behewani na kichwa cha mashine umekifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, nami nikakuambia hakiwezi kuingia, kingeingia. Kingeingia na sentimita nne zingebaki. Nafasi hiyo nilikuwa nimeijaza alfajiri, kabla hujafika, kwa sanduku langu la bati. Ndani mlikuwa na vitabu vyangu thelathini na kimoja. Nililifunika kwa blanketi la kijivu kama rundo la nguo, na mke wangu, marehemu Jeanne, akawakalisha watoto juu yake. Jeanne aliona kila kitu. Alisema mara moja tu, mwaka ule aliotuacha, akiwa kitandani: “Baba Ruben, ile sanduku, siku moja utaisema.” Nikamjibu alale.

Uliniuliza, nakumbuka maneno yako, “Edouard, umepima muzuri?” Nikasema nimepima. Chaki ilikuwa mkononi mwangu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyebisha, hata wewe uliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za maboga. Ukauliza kwa nini basi wengine wamepata nafasi ya vitu vikubwa. Nilionyesha kwa kidevu kitanda cha chuma cha jirani yetu wa behewani, Mama Christiane, kilichokuwa kimefunguliwa vipande na kulazwa kando ya mstari wetu. Kidevu kilitosha. Ulikitazama kitanda kile, ukateremka, ukaiweka mashine juu ya benchi la stesheni, ukaifunika kwa gazeti kwa sababu ya mvua. Hukutazama nyuma tena, na hukumsalimu tena Mama Christiane. Miaka thelathini na mmoja mmepokea komunyo katika parokia moja, na hujamsalimu.

Kitanda kile hakikuvuka chaki hata upana wa kidole. Mstari niliuchora mimi.

Uongo wa pili ulifuata kwa sababu ya ule wa kwanza. Ulipoona sanduku kwangu, miezi mitatu baada ya kufika Mwene-Ditu, nilikuambia mwenzangu wa ofisini amelituma kwa treni nyingine. Ulifurahi kwa ajili yangu. Ulisema angalau kuna kitu kimoja cha Likasi kimetufikia. Na mwaka wa pili mchwa wakala vitabu ishirini na wanane kati ya vile thelathini na kimoja, na wewe ukanisaidia kuvitoa nje juani, ukivikung'uta kimoja kimoja kwa mikono ile iliyokuwa imejaa matundu ya sindano. Maana ulikuwa unashona kwa mkono. Miaka kumi na mmoja, sare za shule, nguo za ubatizo, kwa mkono, hadi wanao walipokupatia mashine nyingine.

Utauliza kwa nini. Sina sababu nzuri, nina ile iliyokuwepo. Nilifikiri kwamba mashine ya kushona ipo kila mji, lakini vitabu vile sitavipata tena. Nilifikiri kwamba nikishuka kwenye treni bila vitabu vyangu nitakuwa mtu yeyote tu, mmoja wa waliofukuzwa. Sikujiuliza wewe utashuka ukiwa nani.

Syntiche aliponiambia mwaka jana kwamba macho yako yamefunga kabisa, niliamini ni kazi ya sindano, na ni kazi yangu. Nilimwomba amuulize daktari. Daktari akasema mtoto wa jicho huja na umri, haletwi na kushona. Nilipumua siku ile, kisha nikajionea haya, kwa sababu nilikuwa nimepumua kama mtu aliyeachiliwa na mahakama kwa kesi moja huku nyingine haijasikilizwa.

Unataka kujua Chancelvie alisemaje. Mimi pia niliogopa kitakachotoka kinywani mwake. Aliitazama ile karatasi nyeupe, kisha akaipasua vipande vinne, akachukua daftari lake na kalamu, akaniuliza, “Sasa Kambo, sanduku ilikuwaka na urefu gani?” Nikamtajia. Upana? Nikamtajia. Rangi? Kijani, nikasema, na kufuli lililovunjika. Akaandika yote. Kisha akasimama, akamwita Hénoc kutoka gerejini, akamwambia mbele yangu kwamba hesabu zake zilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Kijana yule alikaa chini sakafuni. Nilimwomba radhi. Alisema, “Kambo, miye nilikuwa karibu kuachana na hii kazi,” halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kikatuvuta sote, hata mimi, ingawa sikuwa na haki. Yaya, sijui kama unafahamu jinsi mwili unavyokuwa mwepesi baada ya jambo kama hilo. Nilikula chakula cha mchana mara mbili.

Wamelitia sanduku ndani ya mchezo. Sasa jukwaani kuna mashine na kuna sanduku, na katika mstatili kuna nafasi ya kimoja tu. Hakuna pointi. Nilishindwa katika mabishano yale na sasa nashukuru kwamba nilishindwa. Maandishi ya mwisho yanabadilika kulingana na kilichopanda, na hayamlaumu mtu wala kumpongeza. Waliupeleka Kinshasa siku ya mwisho kabisa, na wiki iliyopita wameandikiwa kwamba uko kati ya ile kumi. Ruben aliisoma barua hiyo mara mbili akiwa amesimama. Jumapili mezani hakuuliza mchezo utaisha lini. Aliuliza kama Kinshasa watawapa mahali pa kulala.

Kabla ya kukutumia, nilicheza mwenyewe. Nitakuambia hata hili. Mara ya kwanza kidole changu kilipakia sanduku. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli, nilikuwa peke yangu gerejini, hakuna aliyeniona, na kidole kikaenda kwenye sanduku. Kisha nikalitoa, nikapakia mashine yako. Iliingia bila kusukumwa.

Mama Elisée amechukua barua nyingine, fupi, kwa ajili ya Mama Christiane, na nimemwomba aifikishe siku ileile atakayokufikishia hii. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu deni hilo la heshima si lako kuamua lilipwe lini. Yeye anajua sasa kwamba hukumchukia bure, ulidanganywa. Kama atakuja kwako, mpe kiti. Kama hatakuja, ni mimi niliyemkosea, na mwezi wa tano, Mungu akipenda na goti likikubali, nitapanda treni nije niketi mbele yenu nyote wawili. Kwako sina ninachoomba. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, nitaelewa. Ukitaka kuniandikia matusi, sasa unaweza kuyaandika kwa mkono wako, nami nitafurahi kuuona mwandiko wako.

Nisalimie Syntiche, umwambie nywele zake ni nzuri hata kama si kweli. Nisalimie watu wote wa nyumba yako na jirani zako wanaonikumbuka. Watu wa hapa wote wanakukumbatia, Ruben, mkewe, Chancelvie, na Hénoc ambaye hajakuona lakini anakiri kwamba anaogopa maoni yako kuliko ya watu wa Kinshasa.

Sasa unaweza kuwasha simu. Utaona stesheni, utasikia mvua. Vitu unavivuta kwa kidole hadi behewani. Sanduku langu litakuwa limekwisha kupanda, ndivyo nilivyomwomba Chancelvie afanye katika simu yako peke yake. Liguse mara mbili, litaanguka jukwaani. Linafanya kelele kubwa. Hénoc alilichukua lile la kweli na kuliangusha mara tatu kwenye saruji ya uani ili airekodi, nami ndiye niliyeliinua kila mara.

Mdogo wako anayekupenda,

Edouard